Kusuka au Kunyoa

Mtu akichelewa kuamua, Waswahili humwambia: sema moja, kusuka au kunyoa. Kauli hiyo tumeizoea kwenye mambo yasiyo na unywele hata mmoja: posa, kura, mkopo, uhamisho. Jumamosi hii alasiri, uani kwenye nyumba moja ya Magomeni, Dar es Salaam, imerudi kwao.

Mwenye nyumba ni mwalimu wa shule ya msingi, umri wake miaka 44. Ana saratani ya titi, na Jumatatu anaanza dripu Ocean Road, hospitali ya saratani. Amemwita msusi wake aje nyumbani. Kwenye simu hakusema anataka afanyiwe nini, kwa hiyo msusi amekuja na mfuko wenye kila kitu: chana, mkasi, mafuta, mashine ya kunyolea. Kwenye mkeka yupo shangazi yake, aliyehamia hapa tangu juzi. Jirani, muuguzi mstaafu ambaye mtaa mzima humwita sista. Na binti wa mwenye nyumba, wa chuo kikuu. Nami nipo, shoga wa siku nyingi, kazi yangu kumimina chai na kuandika. Wote nimewaita kwa nafasi zao. Majina yao wabaki nayo.

Swali ni moja. Mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba dawa itamnyonyoa, azitangulie nywele zake au azingoje?

SHANGAZI: Mimi nasema anyoe leo hii, jua bado lipo, kwa bismillahi. Kunyoa kwetu si balaa. Mtoto wa siku saba hunyolewa, nywele zikapimwa, fedha ya uzito ule ikatolewa sadaka. Mwanamume akimaliza hija hunyoa. Wenzetu wengi wa bara mfiwa hunyoa, matanga yakaisha, watu wakarudi shambani. Kila palipo na wembe pana mlango: umetoka huku, unaingia kule. Mwanangu anaingia kwenye tiba. Basi apite mlangoni mwenyewe, asingoje kusukumwa.

MSUSI: Maneno yako mazito, shangazi, lakini nywele hizi nimezishika mimi kwa miaka 11. Najua zinapokatika, najua upande usiotaka kuvutwa. Sadaka mtu hutoa kwa hiari. Hii ni kumfungulia mwizi kabla hajafika. Na kama hazitatoka je? Nina mteja alitibiwa saratani ya shingo ya kizazi, mionzi, na dripu juu yake. Nilimsuka kabla, nikamsuka katikati, na mpaka leo namsuka.

SISTA: Mteja wako si muujiza. Watu wengi hudhani saratani ndiyo inayonyoa. Saratani hainyoi, inayonyoa ni dawa, na si kila dawa. Mionzi huondoa nywele pale inapopigwa tu. Ikipigwa nyonga, kichwa hakihusiki. Sisplatini, ambayo hutumika sana pamoja na mionzi kwa saratani ya shingo ya kizazi, mara nyingi huzipunguza kidogo au haizigusi. Vidonge vya tamoksifeni vinaweza kuzifanya nyepesi, lakini kwa kawaida havikuachi na kipara. Kwa hiyo kabla ya kusuka au kunyoa kuna swali la kwanza: dawa yako inaitwaje?

MWALIMU: Nimeiandika hapa. Doksorubisini na saiklofosfamidi, dripu nne, kila baada ya wiki tatu. Zikiisha, paklitakseli, nne nyingine.

SISTA: Basi sikufichi. Hiyo ya kwanza ni nyekundu kama maji ya rozela; utakojoa rangi hiyo siku moja au mbili, usishtuke. Karibu kila anayepewa mchanganyiko huo nywele humtoka, na huanza kati ya wiki ya pili na ya tatu tangu dripu ya kwanza. Kuanzia siku ya 14 tazama mto wako asubuhi. Paklitakseli ikifuata, huweza kuchukua na zile zilizosalimika: nyusi, kope, hata vinyweleo vya puani. Ndiyo maana utaona mtu kamasi zinamchuruzika bila mafua.

BINTI: Lakini kwa nini nywele, sista? Titi liko huku, kichwa kiko kule.

SISTA: Kwa sababu dawa haina macho. Inachojua ni kupiga seli zinazogawanyika haraka. Za saratani ziko hivyo, lakini ziko hivyo pia za mashina ya nywele, za utando wa mdomo na za uboho ulio ndani ya mifupa. Kichwani mwako, katika kila nywele 10, kama 9 hivi ziko kwenye kuota saa hizi tunazozungumza. Dawa ikifika, shina hudhoofu, na unywele hukatikia chini kama mche ulioliwa na mchwa. Nyusi na kope nyingi huwa zimepumzika, ndiyo maana huchelewa kuguswa.

MSUSI: Kwa hiyo zikitoka ndiyo dalili dawa inafanya kazi?

SISTA: Hapana, na dhana hiyo imewaliza wengi. Aliyebaki na nywele zake huambiwa hatibiwi vizuri, au hakuwa na saratani. Nywele zikitoka tunajua dawa imefika kwenye nywele. Imefanya nini kwenye uvimbe, hilo litajulikana kwa vipimo.

BINTI: Mimi nimesoma kuhusu kofia ya baridi. Inazungushiwa maji ya ubaridi mkali, mtu anaivaa kabla ya dripu, wakati wa dripu, na kwa muda baada yake. Mishipa ya kichwani inasinyaa, dawa inayofika kwenye mashina inakuwa kidogo. Marekani mashine ya kwanza ya namna hiyo iliruhusiwa 2015. Na utafiti wao mmoja uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba karibu nusu ya wanawake waliovaa walibakiza nusu ya nywele zao au zaidi. Wasiovaa, hakuna hata mmoja.

SISTA: Ni kweli, na ni kitu kizuri kwa anayekipata. Ila weka na upande wa pili. Nusu walibakiza, nusu nyingine walikaa na kichwa kwenye barafu bure. Kwa dawa nyekundu hii, kofia hufaulu kwa shida kuliko kwa paklitakseli ikiwa peke yake. Tena inataka igusane na ngozi barabara, na nywele zetu za kipilipili zikijaa huisukuma juu. Hapa kwetu si kifaa unachokikuta wodini hivi hivi. Na asije mtu akafunga mfuko wa barafu kichwani nyumbani. Ngozi itaungua kwa baridi.

SHANGAZI: Na mafuta ya nyonyo je? Tukimsugua kila usiku kuanzia leo?

SISTA: Msugue, shangazi, atalala vizuri. Lakini nyonyo hukaa juu ya ngozi, dawa inakuja kwa damu, kutoka chini. Hawatakutana.

MSUSI: Basi nimsuke nyembamba zishikane, angalau zisidondoke hovyo.

SISTA: Hapana hata kidogo. Ukizivuta ndiyo unalidhoofisha shina kabla ya wakati. Asisuke kwa kukaza, asitie dawa ya kunyoosha, asipake rangi.

Chai ilikuwa imepoa. Kila mtu alikuwa amekisemea kichwa hicho isipokuwa mwenye kichwa. Shangazi ndiye aliyemchokoza, na sidhani alijua anagusa wapi.

SHANGAZI: Na hofu yenyewe ya nini, mwanangu? Wewe unajistiri. Ushungi wako uko palepale. Barabarani ni nani aliyewahi kuziona nywele zako, hata aje akuulize zimekwenda wapi?

MWALIMU: Hapo ndipo mnapokosea, shangazi. Wa barabarani simwogopi. Hajawahi kuziona, kwa hiyo hana kitakachompotea. Nywele zangu zina wenyewe, hawafiki kumi: nyie mlio hapa, mama yangu, mashoga tunaofunga nao mlango kwenye shughuli tukavua mitandio, na mume wangu. Nimezifunika kwa watu wote ili ziwe za hao. Zikiondoka, nje hapabadiliki kitu. Panabadilika ndani. Mnataka niingie na ushungi chumbani kwangu?

SHANGAZI: Wala sikusema hivyo.

MWALIMU: Na huo ushungi wenyewe unaacha uso peke yake. Nyusi zikienda, kope zikienda, uso ndio utakaosema. Nafundisha darasa la tatu. Watoto wale nikibadilisha kalamu wanajua.

BINTI: Mama, basi usifiche. Vua, kaa hivyo hivyo humu ndani, wageni wakija watazoea. Mjini wanawake wangapi wananyoa kwa kupenda? Sisi wenyewe shuleni tulinyolewa, miaka yote ya sekondari nilikuwa na kipara. Sikufa.

MWALIMU: Kipara chako kilikuwa na sare, mwanangu. Aliyekuona na sketi na soksi alisema mwanafunzi, akapita. Anayenyoa kwa mtindo naye ana hereni, ana wanja, na akichoka ataziacha ziote. Kipara huwa hakikai bila maelezo. Changu nani atakieleza? Kila atakayekiona atajieleza mwenyewe, kisha atawaeleza na wengine. Ukishuka daladala Ocean Road tu watu wameshakuandikia ugonjwa, sembuse kichwa.

BINTI: Waache waseme.

SHANGAZI: Usimjibu hivyo mama yako. Anasema kweli. Miaka ya tisini tulikuwa tunavisoma vichwa vya watu. Nywele zikilainika tu, zikilala, mtu amekwisha kuhukumiwa, na ugonjwa wenyewe haukutajwa hata jina. Nilikisoma kichwa cha mdogo wangu hivyo hivyo. Alikuwa anakuja kwangu kila Ijumaa, anakula, anaondoka. Sikumuuliza hata siku moja. Niliona yanatosha niliyoyasoma.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Msusi alikuwa anazungusha chana mkononi.

SISTA: Nami niseme langu. Wodini niliwaambia wagonjwa neno moja kwa miaka mingi: nywele zitaota. Ni kweli, huota. Lakini nilikuwa najibu swali ambalo hawakuniuliza. Nilidhani wanalilia uzuri, nikawaona wepesi: mtu ana saratani, anahuzunikia nywele! Wengine waliahirisha dripu, wengine hawakurudi, nasi tukaandika kwenye jalada kwamba amekataa tiba. Hakuna aliyekaa nao mkekani akawauliza wanamwogopa nani.

Mimi ni mwandishi wa mjadala huu, si jaji wake, ila nitaingiza neno langu hapa. Hoja ya shangazi na ya msusi zilikuwa zinagombania siku: leo, au wiki ya tatu. Mwalimu alikuwa anazungumzia kitu kingine. Mpaka sasa saratani yake imekuwa habari aliyoishika mwenyewe. Aliichagulia mtu, saa na maneno. Nywele zikidondoka, habari ile hutoka mkononi mwake ikaanza kutembea peke yake. Titi halionekani, dripu haionekani, kichwa huonekana. Kwa hiyo ninavyoona mimi, kunyoa mapema si ushujaa na kungoja si woga. La kuangalia ni nani atapata habari kwa ulimi wa mwenyewe, kabla mto haujamwambia.

Hodi ikabishwa kwenye mlango wa uani, na kikohozi kile cha mwanamume anayetoa nafasi. Msusi na sista wakavuta mitandio. Mume aliingia na mkate na pakiti ya maziwa.

MUME: Shikamoo, shangazi. Mbona kimya hivi? Nimesikia mjadala tangu kona, nilipofika mkanyamaza.

SHANGAZI: Marahaba. Tunajadili nywele za mkeo.

MUME: Mimi upara umenianza nina miaka 32. Hakuna aliyeniitia kikao.

MWALIMU: Upara wako walisema ni pesa.

MUME: Pesa zenyewe ziko wapi?

Tulicheka wote, na yeye akacheka, kisha mwalimu akasema bila kucheka.

MWALIMU: Wangu watasema nini?

Aliweka mkate juu ya ndoo. Alichukua muda.

MUME: Watakavyosema sijui. Ninachokijua ni kunyoa. Kila Alhamisi usiku najinyoa mwenyewe, na kisogoni napapasa tu kwa vidole, sioni. Ukinipa kichwa chako, nitakuwa nakiona. Mashine ninayo.

SISTA: Mashine, sawa. Wembe usiletwe kabisa. Siku zile nywele zinapoanza kutoka ni karibu na siku ambazo dawa inakuwa imeshusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu. Kidonda kidogo cha wembe kinaweza kumlaza. Isafishe mashine kwanza, itumie kwake tu, na usiibane na ngozi.

MUME: Nimeelewa, sista.

Alipoingia ndani na mkate wake, mwalimu alivuta kigoda, akakaa mbele ya msusi. Sasa mjadala ulikuwa na mwenyewe.

MWALIMU: Shangazi, leo sinyoi. Msusi, leo sisuki. Shika mkasi, zipunguze zibaki kama kidole kimoja, zikianza kutoka nisizikute ndefu kitandani. Mto utakapoonyesha, atanyoa mume wangu, chumbani, tumefunga mlango. Kama kuna mtu nilizifuga kwa ajili yake, basi azitoe yeye.

MSUSI: Kwa hiyo si kusuka wala si kunyoa. Mwalimu, umeivunja kauli ya watu.

MWALIMU: Nimepata wiki mbili tatu katikati yake. Nitazitumia. Leo usiku nampigia mama, nimwambie mwenyewe. Mashoga nitawaita hapa hapa, nitavua mtandio mbele yao wakati bado kuna kitu cha kuona. Na darasani nitasema kesho kutwa asubuhi, kabla sijaenda: mwalimu wenu anaumwa, anapewa dawa inayoondoa nywele na nyusi, ugonjwa wenyewe hauambukizi. Wataniuliza maswali ya kijinga, nitayajibu, wiki ijayo watakuwa wamesahau.

BINTI: Nami ninyoe pamoja nawe, mama?

MWALIMU: Vipara viwili nyumba moja? Watu watakuja na ubani wakiuliza msiba wa nani. Wewe jifunze kuchora nyusi kwa wanja. Kazi yako hiyo.

SISTA: Na uweke kofia ya pamba karibu na kitanda, kichwa kitahisi upepo wa feni kuliko ulivyozoea. Mchana jua lisikipige. Mafuta ya nazi kidogo ngozi ikikauka. Ukitaka wigi, nunua sasa tukiwa bado tunaiona rangi ya nywele zako.

SHANGAZI: Nywele za kubandika zina maneno yake kwa mashehe. Aulize kwanza.

MWALIMU: Kofia inanitosha.

SISTA: Dripu nane kwa wiki tatu tatu ni kama miezi 6. Ya mwisho ikipita, ndani ya mwezi mmoja hadi mitatu utaona manyoya laini kama ya kifaranga. Baada ya hapo ni kama sentimita 1 kila mwezi. Zinaweza kuja na mvi, au zimejisokota kuliko za mwanzo. Na nisije nikarudia kosa langu la wodini: kuna wachache ambao hazijai kama zamani. Kwa wengi hurudi.

Msusi alianza upande usiotaka kuvutwa. Alikata polepole, akiweka kila fungu kwenye gazeti alilolitandaza shangazi, kwa sababu mtu wa pwani haachi nywele zizagae ua mzima. Mwalimu alifumba macho. Mara moja alipandisha mkono kugusa kisogo, akaushusha.

Ilipokwisha, shangazi alikunja gazeti mara mbili, akakunja tena pembe zake, kana kwamba anafunga kashata. Nilijua methali inakuja. Tangu alasiri ilikuwa inazunguka pale uani na hakuna aliyethubutu kuisema mbele ya mgonjwa. Hakumwambia mwalimu. Alimgeukia muuguzi.

SHANGAZI: Sista, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Ndivyo wasemavyo. Mimi nina miaka 71. Hayo maji yenyewe ni yapi?

SISTA: Ni kupimwa, shangazi. Matiti na shingo ya kizazi. Palepale Ocean Road wanapima.

SHANGAZI: Hata wazee?

SISTA: Umri ukienda ndipo saratani inapotafuta watu.

Shangazi alilibana gazeti kwapani, akamtazama mpwa wake na kichwa chake kipya.

SHANGAZI: Jumatatu mnatoka saa ngapi?